Mkuu Dabo wa Baba Kiema

Mtaa mzima wa Jericho, Nairobi, ulijua kwamba Nyongesa ni meneja. Waliokosa habari hiyo walikuwa wawili tu: mkewe Everline, na kampuni iliyomwajiri.

Kampuni ilimjua kama mtu wa meza ya tatu. Ilikuwa mikahawa ya baga iitwayo Kasri, na Nyongesa alikuwa kwenye tawi lao la Outering, amesimama mbele ya meza ya bati na kofia ya karatasi kichwani, akipanga vitu tabaka kwa tabaka: mkate, mchuzi, kitunguu, saladi, nyama, chizi, mkate. Alipewa sekunde ishirini na nane kwa kila baga. Zikipita, taa nyekundu ilimwakia juu ya kichwa ili hata mwosha vyombo ajue nani amechelewa. Baga yenyewe ilikuwa na jina la heshima kuliko mpangaji wake. Iliitwa Mkuu.

Na huyo Mkuu alikuwa na ukoo. Kulikuwa na Mkuu Dabo, mwenye nyama mbili, kwa watu wenye mishahara miwili. Kulikuwa na Mkuu Moto wa pilipili, Mkuu Kuku, na Mkuu Mboga kwa wale ambao daktari ameshakaa nao chini. Kulikuwa na Mkuu Mtoto, aliyeingia mdomoni mara mbili akaisha. Kisha kila mwezi kampuni ilizaa mwingine: wa Pasaka, wa Mwambao, wa Mavuno. Nyongesa, aliyewapanga wote, angekuambia kwamba nyama ni ileile na mkate ni uleule, kilichobadilika ni rangi ya mchuzi na bei. Angekuambia, yaani, kama angekuwa mtu wa kusema kweli.

Umeneja alijipa polepole. Kampuni ilimpa koti lenye nembo, naye akawa analivaa mpaka kanisani. Jirani akauliza kama siku hizi yuko ofisini, naye akacheka tu. Mwezi uliofuata alikuwa ameshapandishwa cheo na mtaa. Everline naye tusimwonee huruma sana. Akina mama wa chama cha kuweka akiba walipoanza kumwita Mama Meneja alinyamaza, na ukiitwa jina mara tatu ukaitika, hilo jina ni lako.

Basi uongo huo uliishi nao vizuri, ukala, ukanenepa, mpaka binti yao Nabiswa alipopata mchumba.

*

Mchumba aliitwa Kiema, dereva wa lori la mikate, kijana mpole mpaka unamshangaa amepataje leseni. Baba yake, Muindi, alikuwa mchonga vinyago kule Pumwani, na mama yake aliitwa Mukai. Walituma salamu kwamba Jumamosi saa sita mchana watakuja kujuana na kufungua mazungumzo ya mahari.

Na mazungumzo hayo yana mlango wake. Kwa akina Nyongesa, watu wa Bungoma, hakuna neno la mahari linalotamkwa kabla mgeni hajala ndani ya nyumba. Kula si kutafuna tu. Kula ni ugali na kuku, na kuku ana viungo, na kila kiungo kina mwenyewe. Firigisi ni ya mgeni mkubwa. Mgeni asipoiona kwenye sahani, anajua amedharauliwa, na anaweza kuchukua kofia yake akaenda. Kusimamia mambo hayo, Nyongesa alimwita kaka yake Kweyu kutoka Kimilili, mzee ambaye aliwahi kuvunja uchumba wa watu kwa sababu ya shingo ya kuku iliyopotea jikoni.

Everline alikuwa ameweka kando pesa za kuku watatu wa kienyeji. Alikuwa ameshafua vitambaa vya viti na kuazima viti viwili kanisani. Kilichobaki kilikuwa kuchinja. Ndipo Jumatano jioni Kiema alipopiga simu, kwa adabu zake zote, akasema ana ujumbe mdogo kutoka kwa mzee.

Mzee amesema wasihangaike na kuku. Kuku ameshamla kwa kila mtu. Lakini picha ya ile baga ameiona kwenye bango la barabarani miaka sasa, kubwa kuliko chumba anacholala, na hajawahi kuijua ladha yake. Kwa kuwa Mungu amemjalia mkwe ambaye ni meneja palepale inapotengenezwa, basi kama si usumbufu, angeomba aonje Mkuu.

Everline alimtazama mumewe usoni ili ajue la kujibu. Nyongesa alikuwa amekaa wima kama anapigwa picha ya kitambulisho.

"Mwambie baba hiyo ni kazi ndogo," alisema. "Aje na njaa."

*

Simu ilipokatwa, Everline alimwuliza kazi ndogo hiyo itafanywa na nani. Watu ni wanane. Mkuu mmoja ni shilingi mia nane na hamsini. Mfanyakazi anapewa bure Mkuu Mtoto mmoja kwa zamu, naye hula amesimama kando ya friji, na haruhusiwi kutoka naye nje ya mlango. Au meneja ana utaratibu wake?

Nyongesa alisema asimfanyie kejeli.

Everline alimwambia kwamba bado kuna nafasi. Wampigie Kiema, wamweleze kweli, na Jumamosi wapike kuku kama watu. Muindi ni mchonga miti, si balozi. Atacheka, yataisha.

"Nimwambie nini?" Nyongesa aliuliza. "Kwamba baba ya msichana anavaa kofia ya karatasi?"

"Ndiyo. Mwambie hivyohivyo."

"Hiyo siwezi, Mama Nabiswa."

Akasema ana njia. Na njia yenyewe, alipoieleza, ilimfanya Everline akae chini.

Kasri walikuwa na sheria. Mkuu akikaa dakika kumi na tano bila kununuliwa, si Mkuu tena. Hutupwa kwenye pipa la nyuma, moto bado, chizi bado inateleza. Na ili wafanyakazi na watu wa mitaani wasije wakapata mazoea ya kushiba, pipa humwagiwa sabuni ya maji ya bluu, ile ya kusugulia sakafu. Nyongesa alikuwa ameiona ikimwagwa miaka kumi na mmoja. Jumamosi asubuhi zamu ya pipa ilikuwa ya rafiki yake Issack. Issack akichelewesha chupa kidogo tu, na Nyongesa akikosea hesabu kidogo tu akapanga baga nyingi kuliko wateja, mambo yangekwisha salama.

"Utawalisha wakwe taka?" Everline aliuliza.

"Si taka. Ni chakula kilichopitwa na dakika moja."

Everline alipaswa kukataa. Baadaye alijiambia hivyo mara nyingi, akiosha vyombo, akisuka nywele. Lakini siku hiyo aliwafikiria akina mama wa chama, akafikiria sura zao wakisikia. Pesa za kuku akazirudisha kwenye mkebe, akasema haya, tuone.

*

Jumamosi saa tano Nyongesa aliingia na mifuko miwili ya karatasi, jasho linamtiririka. Kwenye mifuko mlikuwa na maboksi manane. Saba meupe, ya Mkuu wa kawaida, safi kabisa, hayajui sabuni ni nini. La nane lilikuwa boksi kubwa jekundu la Mkuu Dabo.

Hilo la nane ndilo lililokuwa na hadithi. Issack alikuwa ameshika chupa bila kumimina, kama walivyopatana, mara Njoki akaingia. Njoki alikuwa kiongozi wa zamu, msichana wa umri wa Nabiswa, na huyo humwita Nyongesa kwa jina lake kavu, bila mzee, bila baba, akimwonyesha kwa kidole taa nyekundu ikiwaka. Issack alipomwona akamimina, maana naye ana watoto. Nyongesa alikuwa ameshaokoa saba. La nane alilichomoa bluu ikiwa imeshafika.

Everline alilifungua jikoni. Mkate ulikuwa na doa la bluu upande mmoja, na harufu ya ndimu ya dukani ikampanda puani. Akalisogeza kwenye ndoo ya takataka, Nyongesa akamshika mkono.

Alimweleza kwa haraka. Hilo ni lake yeye. Ataliweka mbele yake, alifungue nusu, aseme tumbo limemsumbua tangu asubuhi. Wakitupa, maboksi yatakuwa saba na watu wanane, na Kweyu huhesabu. Mwenye nyumba akikaa mikono mitupu mbele ya wakwe, itaonekana chakula hakikutosha.

Lilikuwa wazo la mtu ambaye ameshatoka kwenye akili na hajui. Hata hivyo Everline aliliweka boksi jekundu chini kabisa ya mengine yote, akapasha moto yale saba kwenye kikaango moja baada ya jingine, akavaa kitenge kizuri.

*

Wageni walifika saa sita na dakika tano, jambo lililomuudhi Kweyu, aliyekuwa amejiandaa kuwasema kwa kuchelewa. Walikuwa wanne: Muindi na kofia yake ya sufu na vidole vilivyojaa makovu ya tezo, Mukai na kiondo chenye sukari, majani ya chai na mbaazi, Nzomo ambaye ni ndugu ya Muindi, na Kiema mwenyewe, ndani ya suti iliyombana kwapani.

Muindi alimwita mwenyeji wake Meneja tangu mlangoni. Meneja, asante kwa kutupokea. Meneja, una nyumba nzuri. Aliuliza kazi inaendeleaje, Nyongesa akasema ni nzito, watu wa siku hizi hawataki kufuata sheria. Aliuliza ana watu wangapi chini yake, Nyongesa akasema ni wengi. Alisema "sisi kwenye kampuni tumeonelea" mara tatu, na kila mara Everline aliangalia miguu yake mwenyewe. Nabiswa alisikiliza anatabasamu. Baba yake alikuwa anampa fahari.

Ikaja saa ya kula. Kweyu aliomba sala ndefu, Nabiswa akanawisha watu mikono akikunja goti, kisha Everline akaleta sinia la maboksi. Kweyu alilitazama sinia, akatazama mlango wa jikoni, akangoja. Alipoona hakuna kinachofuata aliuliza ugali uko wapi.

Everline alimweleza kwamba wageni wenyewe ndio walioomba hiki.

"Mkate ni wa chai, shemeji," Kweyu alisema. Lakini wageni walikuwa wanatabasamu, kwa hiyo alikunja mikono ya shati ili awagawie, maana kugawa nyama ni kazi ya mkubwa wa ukoo. Akafungua boksi la kwanza, akainua mkate kwa kidole, akachungulia. Aliuliza firigisi iko wapi. Kiema alikohoa. Everline akasema hii nyama ni ya ng'ombe, haina firigisi.

Hapo Kweyu akawaza kidogo. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa hukumu, kwamba kila nyama ina mkubwa wake, na pasipo na firigisi lazima pawe na kitu kikubwa kuliko vingine, na hicho ndicho cha mgeni. Akapitisha mkono chini ya maboksi meupe. Akachomoa lile jekundu.

"Kaka, hiyo ni yangu," Nyongesa alisema.

Kweyu alimgeukia ndugu yake polepole. "Yako? Mgeni ale ndogo, wewe mwenye nyumba ule kubwa? Hayo umejifunzia wapi?"

Nyongesa alifungua mdomo. Alikuwa na nafasi yake, nzima, na kila mtu alimngoja. Akaufunga. Kweyu aliliweka boksi jekundu mbele ya Muindi kwa mikono miwili.

*

Muindi alilifungua kwa uangalifu, akiinyanyua karatasi kwa ncha za vidole. Mkuu Dabo akaonekana, nyama mbili, chizi mbili, na upande wa kushoto bluu iliyokolea, imeingia mpaka kwenye saladi.

"Na hii rangi, Meneja?"

Everline alimwangalia mumewe. Alidhani sasa atasema. Hata mwongo ana mpaka.

"Hiyo ni mpya," Nyongesa alisema. "Inaitwa Mkuu wa Bahari. Inatoka mwezi ujao. Baba Kiema, wewe ndiye mtu wa kwanza kuionja Nairobi nzima."

Na walimwamini, mbona wasimwamini? Kampuni yenyewe imewazoesha watu kwamba kila mwezi Mkuu anavaa nguo nyingine. Mukai alisema kwa upole kwamba inapendeza. Nzomo alitaka kujua kama wengine nao watapata siku moja. Kiema alitoa simu ampige picha baba yake. Muindi aliinusa akasema ina harufu ya ndimu, na Nyongesa, bila kupepesa jicho, akamjibu kwamba ndimu ndiyo siri yake.

Mzee alishika baga kwa mikono yote miwili, kwa heshima, akaipeleka mdomoni upande wa bluu.

Everline alikuwa bado anamngoja Nyongesa. Alimngoja mpaka midomo ya mzee ilipofunguka, na Nyongesa alikuwa anatabasamu. Basi akainuka, akazunguka meza, akamkamata Muindi kifundo cha mkono, jambo ambalo mama wa binti hamfanyii mkwe wake hata nyumba ikiungua.

"Usile, Baba Kiema. Hiyo ni sabuni. Imetoka kwa pipa."

Kisha akawaambia yote akiwa amesimama palepale, kwa sababu angekaa chini asingeweza. Sabuni ni ya kusugua sakafu. Humwagwa kwenye chakula kinachotupwa ili watu wasile. Hizi nyingine ziliwahiwa kabla ya kumwagiwa, lakini nazo ni za kutupwa. Mumewe si meneja wa mtu. Na yeye Everline alijua kila kitu, tangu Jumatano.

Mukai alikuwa ameshauma mara mbili. Alitoa kitambaa, akakishika mdomoni, akabaki hivyo. Kweyu alivua kofia akaiweka magotini, akaikodolea macho. Nabiswa ndiye aliyesema kwanza, akimgeukia mama yake.

"Mathe, kwani buda si manager?"

"Si meneja."

"Na hawa wote nimewaambia." Alisema hivyo kwa sauti ndogo, kisha akakaa na kufunika uso.

Muindi aliirudisha baga kwenye boksi lake, akapangusa vidole kimoja kimoja. Alimwuliza Nyongesa, bila ukali, kwani pale kazini yeye anafanya nini hasa.

"Naweka nyama katikati ya mkate," Nyongesa aliiambia meza.

"Miaka mingapi?"

"Kumi na mmoja."

"Mimi nachonga twiga," Muindi alisema. "Miaka thelathini na minne. Twiga yuleyule. Hata huyu mtoto nimemsomesha kwa twiga." Akalifunika lile boksi. "Ungeniambia tu."

*

Kama wangeondoka kwa hasira, Everline angejua la kufanya. Angelia, angewafuata mpaka barabarani akiomba. Lakini Mukai alisimama, akajifunga leso kiunoni, akauliza unga uko wapi.

Everline alimzuia. Alisema haiwezekani, mgeni hawezi kupika, yeye mwenyewe atakimbia sokoni sasa hivi. Mukai alisema watu wana njaa, na mambo waliyojia hayazungumzwi kwa njaa, kwao Ukambani na kwao Bungoma ni vilevile. Akaingia jikoni. Akakuta unga, sukuma wiki za jana na mayai manne. Akasonga ugali kwenye sufuria ya Everline, kwa mwiko wa Everline, huku Everline amesimama mlangoni pa jikoni lake mwenyewe akiulizwa chumvi huwa anaiweka wapi. Katika maisha yake alikuwa amekopa, amefukuzwa dukani, amefungiwa mlango na karani wa kodi. Hakuna kilichowahi kumchoma kama hiyo chumvi.

Walikula. Kweyu alikula naye, kidogo, kama mtu anayekunywa dawa. Walipomaliza Muindi alinawa, akajiweka sawa kwenye kiti, akasema maneno yanayosemwa, yote, kwa mpangilio wake, bila kuruka hata moja. Tumepokewa, tumekula, tumeshiba. Sasa tuambieni mnataka nini kwa binti yenu.

Kweyu alitoka Kimilili na ng'ombe kumi na watatu kichwani. Alikuwa amewarudia njia nzima ndani ya basi, mmoja wa mjomba, mmoja wa shangazi, hakuna wa kupunguzwa. Alikohoa. Alimtazama Mukai, aliyekuwa mlangoni akikausha sufuria kwa pindo la leso yake. Utamtozaje mtu aliyekupikia nyumbani kwako?

"Mtakachojaliwa," alisema.

Nabiswa aliinua kichwa. Ng'ombe mmoja au mbuzi mmoja au debe la asali, yote sasa yalikuwa sawa, na ukoo wake ndio ulioyasawazisha. Muindi alishukuru. Hakuonyesha furaha hata kidogo, na hiyo ilikuwa adabu ya mwisho aliyowafanyia siku hiyo. Harusi itakuwa Desemba.

*

Saa kumi wageni walikuwa wameshaenda. Kweyu hakutaka kulala. Alichukua mfuko wake akasema atapata basi la jioni, na mkono wa kwaheri alimpa Everline, ndugu yake hakumpa. Nabiswa alikwenda kukaa kwenye ngazi ya nje.

Everline alikusanya vitambaa vya viti na kuvikunja. Tangu saa saba alikuwa anatafuta namna ya kumwomba mumewe msamaha. Alikuwa amemvua nguo mbele ya wakwe, mbele ya kaka yake, mbele ya mtoto, na mke hatendi hivyo. Alijua alivyoteseka na lile jina, jinsi anavyorudi usiku miguu imevimba, jinsi yule msichana anavyomwonyesha taa kwa kidole. Alimhurumia. Akasogeza kiti akakaa karibu naye.

"Baba Nabiswa," alisema, "leo nimekuvunjia heshima. Sikuwa na njia nyingine. Unisamehe."

Nyongesa hakugeuka. Alikuwa analitazama boksi jekundu lililobaki mezani.

"Ungemwacha ale," alisema.

"Nini?"

"Sabuni kidogo vile haiui mtu. Angeharisha siku mbili, tatu, na nani angejua ni nini."

Everline alingoja aseme jingine, labda kwamba ni hasira, labda kwamba ni mzaha. Nyongesa aliendelea kulitazama boksi. Everline akainuka, akaurudisha ule msamaha alikoutoa, akatoka nje akakae na binti yake.